Seva zikifungwa, tulaumu panapostahili

Ndugu Mhariri,

Alhamisi asubuhi ukipitia makundi ya WhatsApp ya wachezaji wa eFootball, gemu ya soka ya mtandaoni, utakuta lawama zilezile: mtandao wa simu umezingua, bando limeliwa bure, wenye gemu hawana huruma. Lawama nyingi hazina msingi. Lakini ndani yake yamo malalamiko mawili ya haki kabisa, na kwa kuwa yamechanganywa na mengine hakuna anayeyasikiliza. Naomba nafasi niyatenganishe.

eFootball hufungwa kwa matengenezo kila wiki, siku ya Alhamisi, na kwa saa zetu mara nyingi huwa ni alfajiri hadi asubuhi. Tangazo hutolewa mapema ndani ya gemu yenyewe, kwenye ukurasa wa habari ambao wengi huufunga kabla hawajausoma. Mtandao wa simu hauhusiki. Anayetaka kupima atume picha WhatsApp: ikienda bila shida huku gemu ikigoma kumwingiza, basi yaelekea seva, yaani kompyuta za kampuni zinazoendesha gemu, imefungwa. Kuifuta gemu na kuipakua upya hakufungui seva, na hapo ndipo bando linapoliwa kweli. Gemu kama Genshin Impact peke yake kwenye simu inazidi GB 20.

Kinachofanyika huko ndani saa hizo ni hiki. Kwanza hufungwa mlango wa kuingilia, ili wasiongezeke wachezaji wapya. Waliomo huachwa wamalize mechi, kisha hutolewa. Hapo husubiriwa taarifa za kila akaunti ziandikwe kwenye kanzidata, kwa sababu wakati wa mchezo sehemu kubwa ya taarifa hizo hukaa kwenye kumbukumbu ya muda ya seva, ambayo ikizimwa ghafla hupotea. Hufuata kuhifadhi nakala, kisha kuweka toleo jipya, kisha kazi inayokula muda kuliko zote: kubadilisha muundo wa kanzidata. Tuseme kila kifaa cha mchezaji ndani ya gemu, kama silaha au vazi, kinatakiwa kiongezewe safu moja ya taarifa. Gemu kubwa huwa na mamia ya mamilioni ya mistari kwenye jedwali la namna hiyo. Kulibadilisha huku watu wakinunua na kuuziana vifaa ni kujitafutia balaa.

Baada ya hapo seva huwashwa kwa ajili ya wajaribuji wa ndani tu. Wanacheza mechi, wananunua kitu dukani, wanatuma zawadi kwa akaunti nyingine, wanatazama kama hesabu zinalingana. Jaribio hili huja mwishoni kabisa, ndiyo maana tangazo la “muda umeongezwa kwa saa mbili” mara nyingi hutoka dakika chache tu kabla ya saa iliyoahidiwa. Wachezaji hulichukulia kama dharau. Ukweli ni kwamba kasoro imegunduliwa wakati huo huo, na kurudisha nakala ya zamani kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko hata kazi yenyewe.

Na heri wachelewe kufungua kuliko kufungua na kasoro ya vifaa kujizalisha. Mchezaji mmoja akigundua njia ya kukifanya kifaa kimoja kiwe viwili, kwa saa chache soko lote la gemu huwa limechafuka, na dawa yake ni kurudisha saa nyuma kwa kila mtu, hata aliyepata ushindi wake kwa jasho.

Swali linaloulizwa sana ni kwa nini WhatsApp au huduma za benki hazifungwi kila wiki. Huduma nyingi za namna hiyo zinaweza kubadilisha seva moja baada ya nyingine bila mtumiaji kuhisi, kwa kuwa kila ombi ni fupi na linajitegemea. Mechi ya gemu haiko hivyo. Inakaa ndani ya seva moja kwa dakika 10, 20 au 40, na programu iliyo kwenye simu yako lazima ilingane na ile ya seva hadi kwenye hesabu ya kasi ya risasi.

Hata hivyo, anayesema kufunga hakuepukiki kabisa naye anakosea. Guild Wars 2, iliyotoka mwaka 2012, karibu masasisho yake yote huwekwa bila kufunga: toleo jipya huwashwa pembeni ya la zamani, mchezaji huarifiwa kwamba ana muda fulani wa kutoka na kuingia tena, na la zamani hufa taratibu likiwa tupu. PUBG Mobile nayo kwa kawaida huweka matoleo yake makubwa seva zikiwa wazi, ila mwenye toleo jipya na mwenye la zamani hawawezi kualikana kucheza pamoja mpaka wote wawe wamesasisha. EVE Online ya Iceland, ambayo wachezaji wake wote nje ya China huishi katika dunia moja, ilianza mwaka 2003 na kwa miaka mingi ilifungwa kwa saa nzima kila siku. Leo hufungwa kwa takribani robo saa au chini ya hapo. Kwa hiyo muda unaweza kupunguzwa. Gharama yake ni kuendesha matoleo mawili kwa wakati mmoja na kuandika kanzidata inayosomeka na yote mawili, na kampuni nyingi haziko tayari kulipa wahandisi kwa kazi hiyo kama wachezaji wanavumilia.

Kubadilisha mambo bila kufunga nako kuna hatari yake. Roblox, jukwaa la gemu, ilizimika kwa saa 73 mwishoni mwa Oktoba 2021, na uchunguzi wake yenyewe ulionyesha kwamba chanzo kimojawapo kilikuwa kipengele walichokiwasha siku moja kabla, huduma ikiendelea, ambacho kiliubana mfumo mzigo ulipozidi.

Sasa lalamiko la kwanza la haki: saa. Kampuni nyingi hufunga wakati wateja wake wakubwa wamelala, na sisi tulio kwenye seva za Ulaya au Asia huangukia popote tunapoangukia. EVE Online hufungwa saa 11:00 UTC (saa ya kimataifa), yaani saa nane mchana kwetu. Kwa Sydney ni saa tatu au saa nne usiku, wakati watu wametoka kazini, na Waaustralia wameilalamikia saa hiyo kwa miaka mingi. Fortnite mara nyingi hufungwa kwa sasisho saa kumi alfajiri ya New York, ambayo kwetu ni saa tano asubuhi wakati wa kiangazi chao na saa sita mchana wakati wa baridi. Wamarekani hubadilisha saa zao Machi na Novemba, sisi hatubadilishi, kwa hiyo ratiba uliyoizoea huruka saa nzima bila kampuni kubadilisha lolote. Steam, duka la gemu za kompyuta, hufanya matengenezo yake Jumanne mchana wa Marekani, sawa na usiku wa manane wa Jumanne kuamkia Jumatano kwetu. Ni muda mfupi, lakini si muda wa kuanza mechi ya kupandisha daraja.

Kwa kuwa matangazo huandikwa kwa UTC, kuna njia ya mkato ambayo sijui kwa nini haifundishwi: kwa Tanzania, Kenya na Uganda, toa 3 kwenye saa ya UTC na unapata saa ya Kiswahili moja kwa moja. 11:00 ni saa nane, 08:00 ni saa tano. Namba ikizidi 12 baada ya kutoa, punguza 12; ikiwa ndogo mno, ongeza 12 kwanza, hivyo 02:00 inakuwa saa kumi na moja alfajiri. Walio Kigali, Bujumbura na Bukavu watoe 4. Kwa matangazo ya saa ya China, sisi wa Afrika Mashariki tunaongeza 1 tu: Genshin Impact hufungwa saa 06:00 ya huko hadi 11:00, yaani saa saba usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi.

Lalamiko la pili ni fidia, na hapa wachezaji wana haki zaidi. Genshin Impact hulipa Primogems (sarafu ya ndani ya gemu hiyo) 60 kwa kila saa iliyofungwa, 300 kwa zile saa tano, wakati jaribio moja la bahati hugharimu 160. Angalau kipimo kinajulikana kabla. Desemba 2021, Final Fantasy XIV ilipolemewa na foleni za kuingia baada ya toleo lake la nyongeza, Endwalker, kutoka, kampuni yake Square Enix iliwapa wanaolipia kwa mwezi siku 7 za bure, ikaongeza 14, na kusimamisha kwa muda kuuza gemu hiyo. Hiyo ndiyo fidia ya maana: muda kwa muda. Gemu inayofungwa saa nane halafu ikagawa sarafu chache za mapambo, huku tuzo za msimu zikiisha tarehe ileile na mfululizo wa kuingia kila siku ukikatika, imemtoza mchezaji mara mbili. Kusogeza mwisho wa msimu kwa saa zilezile zilizofungwa ni kazi ndogo sana kwa mhandisi.

Mchezaji naye ana la kufanya. Pakua toleo jipya mapema pale gemu inaporuhusu, kwa Wi-Fi au bando la usiku. Usinunue bando la saa 24 asubuhi ya matengenezo. Kwenye Genshin, Resin, yaani nishati ya kudaia zawadi, huongezeka 1 kila dakika 8 hadi kikomo cha 200, hivyo saa tano huzaa kama 37. Ikiwa chini ya 160 seva zinapofungwa, haitafikia kikomo kabla hazijafunguliwa. Seva ikifunguliwa, subiri nusu saa. Dakika za mwanzo kila mtu anagonga mlango mmoja, na kubonyeza mara kumi kunakurudisha nyuma ya foleni kwenye baadhi ya gemu.

Waandaaji wa mashindano ya eFootball nao waache kupanga hatua za mtoano Alhamisi asubuhi, na kwenye kanuni zao waandike mechi iliyokatwa na matengenezo inarudiwa lini na kwa matokeo yapi. Ugomvi mwingi wa ada za kiingilio huanzia kwenye kipengele hicho kilichosahauliwa.

Mpenzi wa gemu za mtandaoni,
Dar es Salaam