Mbio za donati: tumbo ndilo linaloamua, si miguu

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wa barua. Video za vijana wa Marekani wanaokimbia, wakasimama kula donati dazeni nzima, kisha wakageuka kukimbia kurudi walikotoka, zinazunguka kwenye magrupu ya vilabu vya jogging hapa Dar es Salaam, na wapo wanaopanga kuiga kwa maandazi. Hatupingi. Ila video huonyesha kuanza na kumaliza, haionyeshi katikati, na katikati ndiko watu wanakoumia. Kama makocha wa mbio tunaona ni wajibu wetu kueleza jinsi shindano hili linavyochezwa na linavyomshinda mtu.

Chimbuko lake ni mji wa Raleigh, jimbo la North Carolina. Mwaka 2004 wanafunzi wachache wa Chuo Kikuu cha North Carolina State walitiana changamoto, na leo ni mbio za kila mwaka za maelfu ya watu, na fedha zake huchangia hospitali ya watoto ya jimbo hilo. Unaanzia kwenye mnara wa kengele wa chuo, unakimbia maili 2.5, yaani kilomita 4, hadi duka la Krispy Kreme, kampuni ya donati iliyozaliwa jimbo hilohilo mwaka 1937. Hapo unakula donati 12, kisha unarudi kilomita 4 nyingine. Yote hayo ndani ya saa moja. Anayetaka kukimbia tu, au kula chache, naye ana nafasi yake, na kwa wengi hilo ndilo chaguo la busara.

Hebu tupige hesabu. Donati moja ya kawaida ya pale ina kalori 190 hadi 200 na mafuta gramu 11 hivi. Dazeni moja inakupa kalori 2,300 hivi na mafuta gramu 130, kwa uzito wa kilo nusu na ziada. Mtu wa kilo 70 akikimbia kilomita 8 anachoma kalori 560 tu, zaidi au pungufu kidogo. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba mbio zitachoma ulichokula. Robo tatu ya chakula hicho inabaki nawe.

Kosa la kwanza hufanyika kabla ya donati kuonekana: kukimbia kwa kasi kilomita 4 za kwanza. Mtu anafika mezani kwa dakika 18, amewaacha wenzake, lakini anahema kwa mdomo wazi. Huwezi kuhema na kumeza kwa wakati mmoja. Ukijaribu, unapaliwa. Basi atasimama dakika tatu nne akisubiri pumzi, na zile dakika alizookoa njiani zinaishia hapohapo. Baya zaidi, ukikimbia kwa nguvu damu huhama tumboni kwenda miguuni, na tumbo lisilo na damu ya kutosha halipokei chakula vizuri. Kichefuchefu kinaanzia hapo.

Mgawanyo tunaoupendekeza kwa mkimbiaji wa kawaida ni dakika 22 kwenda, 11 mezani, 25 kurudi. Jumla 58. Kwenda ni kilomita moja kwa dakika 5 na nusu, mwendo ambao bado unaweza kumjibu mwenzako sentensi nzima. Kurudi ni dakika 6 na robo kwa kilomita. Kama huo mwendo wa kwenda unakutoa jasho la taabu hata ukiwa na tumbo tupu, usiingie mashindano ya dazeni mwaka huu. Kimbia, kula mbili, ufurahi.

Sasa mezani. Subiri pumzi itulie kama nusu dakika. Usikae, maana ukikaa tumbo linajikunja. Simama wima. Donati hizi zimeumuliwa kwa hamira, na sehemu kubwa ya unene wake ni hewa. Ukimeza hewa hiyo pamoja na chakula, tumbo linajaa kabla ya wakati. Chukua tatu, zipange moja juu ya nyingine, weka kiganja juu na ukandamize taratibu hadi zibaki unene wa chapati mbili. Hewa itatoka. Kisha chovya ukingo kwenye kikombe cha maji ya vuguvugu, sekunde moja tu. Lile ganda la sukari linayeyuka na kuteleza. Ukichovya zaidi ya hapo donati inakuwa uji mkononi, na uji wa mafuta na sukari ndio unaowafanya wengi wakinai.

Maji yawe ya vuguvugu kwa sababu maalumu. Maji ya baridi hugandisha mafuta kwenye kaakaa, ulimi unapata utando, na kila tonge linalofuata linakuwa gumu kuliko lililopita. Kunywa mafunda madogo, jumla isizidi nusu lita kwa shindano zima. Kila funda linachukua nafasi ya chakula. Soda usiiguse, gesi yake itakusubiri barabarani.

Kasi ya kula isiwe sawa mwanzo hadi mwisho. Taarifa ya kushiba huchelewa kufika kichwani, yapata dakika 15 hadi 20. Tumia dirisha hilo: donati sita za kwanza kwa dakika 4, nne zinazofuata kwa dakika 4, mbili za mwisho kwa dakika 3. Anayeanza polepole kwa heshima hufika ya saba akiwa ameshajisikia ameshiba, na kutoka hapo kila tonge ni vita. Lakini haraka isiwe ya kumeza bila kutafuna. Mkate laini ukilowa mate kidogo tu unakuwa donge, na donge hilo linaziba koo.

Kinachofuata wengi hawakijui. Mafuta yakifika kwenye utumbo mdogo, mwili hutoa homoni inayolifunga tumbo lisimwage chakula haraka. Sukari nyingi nayo huvuta maji kuingia utumboni. Kwa hiyo unapotoka mezani, kilo nusu ile haijaenda popote. Ipo, inacheza, na itacheza kila unapokanyaga chini.

Ndiyo maana hatua za kwanza kurudi zisiwe mbio. Tembea mita 200, kifua wima, ubeue hewa yote uliyomeza. Usiiname kufunga kamba za viatu. Ukiinama, tindikali ya tumbo inapanda kwenye umio na utapata kiungulia kitakachokufuata hadi mwisho. Kamba ya bukta nayo ilegeze kabla hujaanza kula, si baadaye. Kisha anza kukimbia kwa hatua fupi za haraka, mguu ukishuka karibu na mwili. Hatua ndefu humrusha mtu juu na kumshusha kwa kishindo, na tumbo lililojaa halisamehe kishindo. Kichomi kikikubana ubavuni, punguza mwendo, kandamiza mahali panapouma kwa vidole, toa pumzi ndefu hadi mapafu yabaki karibu matupu. Kikikaa zaidi ya dakika mbili, tembea.

Mate yakianza kujaa mdomoni ghafla, hiyo ni dalili ya kutapika. Toka barabarani, simama, usishindane nayo. Kutapika huku unakimbia ni hatari, kwa sababu pumzi ya nguvu inaweza kuvuta matapishi kuingia mapafuni. Ukishatapika, siku yako ya mashindano imekwisha. Sukutua, kunywa maji yenye chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini kidogokidogo, nenda nyumbani.

Maandalizi yachukue wiki nne hadi sita, na yawe ya mbio zaidi kuliko ya kula. Mara moja kwa wiki kimbia kilomita 3, kula donati tatu, kimbia 3 tena. Baada ya wiki mbili fanya kwa sita. Jaribu nane mara moja tu, siku kumi kabla. Dazeni kamili usiijaribu mazoezini; haikufundishi jipya na mwili unaumia bure. Wapo wanaofundishana kunywa malita ya maji ili kutanua tumbo. Tunasema wazi kwamba jambo hilo linaua. Maji mengi kwa muda mfupi hushusha chumvi kwenye damu, na ubongo huvimba. Usiku wa kuamkia shindano kula chakula chepesi mapema, wali kidogo na samaki, uache maharage, choroko na kabichi vinavyoleta gesi. Siku yenyewe, muda wa saa tatu kabla ya kuanza, uji mwepesi na ndizi moja. Usishinde na njaa ukidhani utapata nafasi zaidi. Tumbo lililokaa tupu tangu jana hukasirika haraka.

Tukirudi nyumbani kwetu. Kule Raleigh mbio hizi hufanyika Februari, na huko Februari ni baridi. Hapa Pwani mwezi huohuo ni joto kali, na joto huipeleka damu kwenye ngozi, hivyo tumbo linanyang'anywa mara mbili. Klabu inayotaka kuiga ichague Juni au Julai, na watu waanze saa 12 asubuhi, si saa 3.

Na maandazi si donati. Andazi letu limeshiba unga, ukilikandamiza halinywei kama donati ile. Dazeni ya maandazi ya mtaani inaweza kuwa na uzito mkubwa kuliko dazeni ya Krispy Kreme, na hayafanani kutoka kwa mama huyu hadi yule. Wekeni mzani wa jikoni mezani, mpime gramu badala ya kuhesabu vipande. Gramu 300 kwa mtu, nusu ya kiwango cha Raleigh, zinatosha kabisa kuleta ushindani, na saa moja ipunguzwe iwe dakika 55. Vitumbua msivitumie. Mchele wake unanata kooni na mafuta yake ni mengi. Chipsi mayai tusizizungumzie.

Wapo wasiopaswa kushiriki kula hata kidogo, na viongozi wa klabu wawaulize watu mmoja mmoja, faragha, kabla ya kuandikisha majina: wenye kisukari, wenye ugonjwa wa moyo au presha isiyodhibitiwa, wenye vidonda vya tumbo, wenye mawe kwenye mfuko wa nyongo (mafuta gramu 130 hukibana kifuko hicho kwa maumivu makali), wajawazito, na watoto. Hao wapewe nafasi ya kukimbia na namba kama wengine.

Mezani awepo mtu anayejua kumsaidia aliyepaliwa, na asiwe na kazi nyingine. Anayekohoa kwa sauti aachwe akohoe. Asiyeweza kukohoa wala kusema ainamishwe mbele apigwe kwa kiganja mara 5 katikati ya mabega, kisha akumbatiwe kwa nyuma na kusukumwa ndani na juu mara 5, kati ya kitovu na mbavu, na hivyo kwa zamu hadi kipande kitoke. Gari liwe limeshawashwa na njia ya kwenda hospitali iwe wazi. Ndoo ziwekwe mezani, na nyingine mita 200 mbele, mwisho wa pale watu wanapotembea, kwa kuwa wanaotapika hutapika zaidi pale wanapoanza kukimbia kuliko pale wanapokula.

Baada ya kumaliza, tembea robo saa na usilale kwa saa tatu. Mlo unaofuata uwe mchana au jioni, supu nyepesi au matunda. Maumivu ya tumbo la juu yanayopenya hadi mgongoni, au kutapika kusikokoma, si uchovu wa mbio. Nenda hospitali siku hiyohiyo, na umweleze daktari ulichokula bila kuona haya.

Makocha wa mbio,
Dar es Salaam