Kisu kilale mwaloni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme na vijana waliotutembelea hapa Mwaloni, Kirumba, Jumamosi iliyopita asubuhi, kuhimiza wenzao waache kutembea na visu, wakiwa na fulana nyeupe na bango la kisu kilichopigwa alama nyekundu ya X. Walisema vizuri. Ila walipoimba "tupa kisu", sisi wapasuaji tulitazamana tukacheka, maana kila mmoja alikuwa nacho mkononi. Kisu kimenisomeshea watoto watatu. Sangara wa kayabo, yule wa kukaushwa kwa chumvi, hapasuliwi kwa kijiko.

Siwakejeli. Ni rika lao linalochomwa visu na ndilo linalochoma. Mwaka jana mtoto wa dada yangu alichanwa mkono kwenye meza ya puli, deni lenyewe shilingi elfu mbili. Aliyemchana si jambazi. Ni kijana tunayemfahamu, anapara samaki hapa hapa, na kisu kilikuwa kile kile alichoshinda nacho. Hana pa kukiacha. Ukikisahau mezani, asubuhi hukikuti. Kwa hiyo anakiviringisha kwenye gazeti, anakichomeka kiunoni, na akiwa njiani kwenda nyumbani anapitia kijiweni.

Siku ile tulipoteza muda tukibishana kama twende polisi kwanza kuchukua PF3, ile fomu ya matibabu ya majeruhi, au hospitali, mtoto anavuja damu kwenye bodaboda. Hilo nalo vijana walifundishe: gandamiza kidonda kwa kitambaa safi, kisu kikiwa kimekwama mwilini usikichomoe, mkimbize mgonjwa hospitali, mtu mwingine ashughulikie fomu.

Mmoja wao alitupa habari za Glasgow, kule Scotland, ambako mwaka 2005 polisi waliunda kitengo cha kupunguza vurugu, wakaanza kuvitazama visu kama maradhi ya kuambukiza badala ya kukamata tu. Wazee waliguna, lakini mimi nilimwelewa. Hapa kijana akisikia fulani anatembea na kisu, naye anabeba, akidai ni cha kujilinda. Wiki haiishi, kijiwe kizima kinacho. Wanavyoambukizana mafua ndani ya daladala.

Sasa kuhusu siku yenyewe waliyokuja. Jumamosi asubuhi ilikuwa katikati ya giza, yaani zile siku zisizo na mwezi ambazo dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Mitumbwi ya dagaa ilikuwa imerudi alfajiri na vijana waliokusudiwa walikuwa wamelala fofofo. Waliowasikiliza ni akina mama wa dagaa na mimi. Anayetaka kuwapata aje wakati wa mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti dagaa, mitumbwi inakaa nchi kavu siku kadhaa, na wengi wanakuwa wamepokea mgawo wao. Pesa ipo mfukoni, kazi hakuna, pombe karibu, madeni ya giza lililopita yanadaiwa. Ugomvi mwingi wa visu ninaoukumbuka mimi umetokea siku hizo. Sijaandika kwenye daftari, lakini nimekaa hapa miaka mingi.

Wapo wanaosema dawa ni sungusungu, ule ulinzi wa jadi wa wanakijiji. Sungusungu ya Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilikuwa ya kuwafuata wezi wa ng'ombe porini, mtu anayejulikana ni adui. Hawa ni watoto wetu wawili waliokunywa pamoja. Utampigia yowe yupi?

Ninachoomba kwa viongozi wa soko na BMU, kikundi cha usimamizi wa mwalo, ni kidogo: chumba kimoja au hata ukuta wa kuegemezea masanduku yenye kufuli. Kila meza iwe na sanduku lake, visu viandikwe namba, mtu akimaliza kazi akikabidhi ndipo atoke getini. Fedha za mbao tutachanga wenyewe. Mapanga na visu vya mitumbwini vilale kwa mwenye mtumbwi, naye ajue idadi yake kama anavyojua idadi ya taa zake. Hakuna tajiri wa dagaa asiyejua taa zake ni ngapi.

Na nyie vijana wa fulana nyeupe, rudini. Badilisheni ule wimbo kidogo, mje mbalamwezi ijayo, jioni, kuanzia saa kumi na moja. Mkitujulisha mapema tutawawekea sato wa kukaanga.

Mpasua samaki,
Kirumba, Mwanza