Baba, miti ya kilimani isiuzwe kwanza

Joensuu, Ufini

Shikamoo baba, na mama mpe shikamoo yangu. Mimi ni mzima, kazi inaendelea.

Dada ameniambia kuna mnunuzi amefika hapo Njombe anataka mipaina yetu yote kwa mkupuo. Naomba usimkubalie.

Hapa kiwandani tunapasua mpaina wa asili wa huku, mti ulioenea kutoka Uskoti hadi mashariki ya Siberia. Wetu uliletwa kutoka Meksiko, sindano zake ndefu zinaning'inia tatutatu. Huu wa huku una sindano fupi, zimekaa mbilimbili, na gome lake la juu ni jekundu kama chungwa lililoiva. Kwa sababu ya baridi hukua polepole mno. Kwa kawaida huvunwa ukiwa na miaka 60 hadi 100 na zaidi.

Nikitazama gogo lililokatwa, duara za nje zimebanana hata kuzihesabu ni kazi. Lakini zile za katikati, za miaka kumi hivi ya mwanzo, ni pana, na ubao wake ni dhaifu, ukikauka unapinda. Mpaina wetu nao ndivyo ulivyo. Sasa baba, mti wa miaka tisa kama yetu karibu wote ni sehemu hiyo dhaifu! Hata kwenye shamba la miti la serikali la Sao Hill hawavuni miti michanga namna hiyo.

Misitu mingi ya huku ni ya familia za kawaida, nazo zina shida za fedha kama sisi. Wanachofanya ni kupunguza miti: myembamba inakwenda kwenye karatasi na maboksi, inayobaki inapata nafasi ya kunenepa. Gogo nene la chini, lisilo na vifundo, ndilo lenye bei. Hata magome na vumbi la mbao huchomwa kupasha nyumba joto, na kule Lappeenranta, tangu 2015, mafuta yanayobaki mpaina ukipikwa kwa ajili ya karatasi yanageuzwa dizeli. Mababu zao walichoma mpaina taratibu wakapata lami ya kupaka merikebu, ikauzwa Ulaya nzima.

Kwa hiyo pogoeni matawi ya chini, ondoeni miti iliyopinda na iliyosongamana, muiuze kama mirunda. Njia ya kuzuia moto ilimwe kabla ya kiangazi.

Ada ya mdogo wangu msiitoe kwenye miti. Nitaituma mimi mwisho wa mwezi.

Mwanao anayewapenda.