Mbuzi watatu kwa watu kumi na tisa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wanetu wanaorudi mlimani kila Desemba. Watu hututania kwamba Wachagga tunakwenda kuhesabiwa. Nami huwa nahesabu kweli, ila Krismasi iliyopita nilihesabu na vilivyobaki.

Hapa kwangu Kilema tulikuwa watu kumi na tisa. Walichinjwa mbuzi watatu, mmoja akafanywa ndafu, maana kila aliyetoka Dar es Salaam au Arusha alitaka ijulikane kuwa naye kaleta wake. Pilau ikapikwa masufuria mawili makubwa. Alfajiri ya tarehe 27 nikakuta moja limechacha lote. Tukachimba shimo tukafukia mchele wa watu wa Chekereni, waliosimama matopeni miezi kuupanda na kuupalilia.

Chupa za maji niliokota mpaka kiuno kikauma, nyingine nilizitoa kwenye mfongo, mfereji wetu wa maji. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 1, 2019, nilidhani tumepona. Kumbe zimebaki sahani za kutupa, vikombe vya kutupa, na ile nailoni laini ya kufunikia vyakula. Hiyo ndiyo iliyoniliza. Ilipeperuka ikajichanganya na majani ya migomba niliyomkatia ng'ombe. Wiki ya pili ya Januari akaacha kucheua, tumbo likajaa. Bwana mifugo alihangaika naye siku mbili, mwisho akachinjwa. Tumboni tulitoa donge la nailoni kubwa kama nazi. Ng'ombe huyo alikuwa akinipa lita nane kila asubuhi.

Asiyeishi kihambani, yaani kwenye shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, atadhani nimekosa maziwa tu. Ng'ombe hula majani na vigogo vya migomba, samadi yake inarudi shinani kwa mgomba, na mgomba unaipa kahawa kivuli. Kihamba changu hakifiki ekari moja, na mimi ni mtu wa nne kukirithi. Mbolea ya dukani sikuijua. Mwaka huu samadi nimeomba kwa jirani, na mikungu imetoka midogo.

Halafu kifungua mimba wangu ananiambia tung'oe kahawa za mbele ya nyumba, tutandaze vitofali, magari sita yapate pa kuegesha. Magari yenyewe hukaa siku kumi kwa mwaka! Nimemwambia akaegeshe kanisani, atakuwa wa kwanza kufika kwenye misa.

Desemba hii nimeshawapigia simu wote. Mbuzi ni mmoja, watachangia. Tutakula mtori na machalari ya ndizi zetu, na kisusio kwa wanaokipenda. Nyama itapangwa juu ya majani ya mgomba, kama alivyokuwa akifanya mama mkwe wangu, na tukimaliza majani yanakwenda zizini. Maji nitachemsha mwenyewe, yatakaa kwenye ndoo yenye bomba. Fedha za wale mbuzi wawili nimeomba ziwe mwanzo wa kununua mtamba.

Mmoja wa wakwe zangu kauliza, "Mama, wageni watatuonaje?" Waje tu. Mbege ipo, na vibuyu vya kunywea havijapasuka hata kimoja.

Mwalimu mstaafu,
Kilema, Moshi Vijijini