Usiongeze panya mzima kwenye familia ya panya shamba

Tunafuga na kuuza panya shamba wa kulishia nyoka, na haupiti mwezi bila mtu kutupigia simu akilalamika kwamba tulimuuzia panya wakali. Wa hivi karibuni ni mteja wa Rongai. Alichukua kwetu familia moja, dume na majike watatu, wakamzalia vizuri, kisha asubuhi moja akakuta maiti mbili kwenye beseni. Alitaka pesa zake. Tulipomhoji, ikajulikana kwamba jioni iliyotangulia rafiki alimpa majike wawili naye akawatia humo humo. Waliokufa ni hao wageni.

Panya shamba (Mastomys) ni yule yule anayekula mahindi ya watu, ila hawa wetu wamezaliwa kwenye mabeseni kizazi baada ya kizazi. Jike ana chuchu hadi 24, mimba yake ni siku kama 23, na kuzaa watoto kumi kwa mkupuo ni kawaida. Wafugaji wa nyoka wenye vibali vya Shirika la Wanyamapori Kenya (KWS) wanampenda kwa sababu chatu anayegomea panya mweupe mara nyingi humla huyu bila kusumbua. Majike wa familia moja huzalia kiota kimoja na kunyonyeshana watoto. Ukifunua maranda unakuta vichanga vyekundu vimelaliana na wakubwa wao walioanza kufumbua macho. Upendo huo ni wa ndani tu. Mgeni mzima huumwa kwanza kiunoni na shinani mwa mkia, na ukiona alama hizo nyekundu mtoe papo hapo, maana usiku huo hatauvuka.

Sasa bei. "KSh 3,000 kwa panya wanne, na shambani wako bure?" Tunaulizwa hivyo kila siku na jibu letu halibadiliki. Familia tunaiunda wakiwa wadogo, wametoka tu kuachishwa kunyonya, dume kutoka ukoo mmoja na majike kutoka mwingine. Tunawaweka pamoja wote siku ile ile, kwenye beseni lililooshwa lisilo na harufu ya panya mwingine. Tunawalisha mpaka majike wabebe mimba, na kila beseni lina kadi inayoonyesha wazazi. Wakitibuana hatuwauzi. Hiyo miezi ya chakula, maranda na macho ya mtu ndiyo unayolipia.

Yupo mteja aliyeona afadhali atege wa bure kule Kamulu ili "aongeze damu". Wa kutega huja na viroboto, anaweza kubeba leptospira (bakteria wanaoambukiza watu kupitia mkojo wa panya), na Afrika Mashariki panya hawa wamehusishwa na tauni. Tena hujui kama jana alionja sumu ya jirani, na sumu hiyo itaishia tumboni mwa nyoka wako. Mteja huyo alilazimika kuwaondoa panya wake wote na kuanza upya. Hesabu mwenyewe ni familia ngapi angenunua kwa gharama ile.

Kuna na wanaogawanya. Beseni likijaa, mtu anahamisha majike wawili kwingine, kisha akipata nafasi anawarudisha. Wameshakuwa wageni hao, hata kama ni mama na binti. Beseni likijaa, punguza watoto wakishaachishwa, wakubwa waache walivyo.

Wengine hutuambia majike wetu wanakula watoto. Kabla hujatupigia, angalia chupa ya maji. Mji huu maji ni ya zamu, na jike anayenyonyesha akikaa usiku mzima na chupa kavu, watoto ndio wanaoumia. Weka chupa mbili. Na siku za kwanza baada ya kuzaa usipekuepekue kiota kuwaonyesha wageni.

Kuhusu kurudisha: familia ikipigana ndani ya siku 14 bila kuongezewa wala kugawanywa, ilete pamoja na kadi yake, tutakupa nyingine bila swali. Tukikuta ndani panya asiye wetu, haturudishi chochote. Dume akikufia, usimtafutie mrithi aliyekomaa. Agiza familia changa mapema, kwa sababu hatuuzi ambayo haijakaa pamoja ikatulia.