Barua ya wazi kwa mpwa wangu aliyepewa kazi ya kuandika historia ya sinema ya mtaa

Mpwa wangu,

Nimesikia kamati imekukabidhi kazi ya kuandika historia ya ule ukumbi wa zamani wa sinema, na kwamba umeanza kwa kukusanya mabango na majina ya filamu. Mabango yana faida yake, ila yatakuambia kilichoonyeshwa tu. Ukumbi wenyewe ulifanyaje kazi, hayatakuambia. Nakuandikia hadharani kwa sababu wapo wengine wenye kazi kama yako, na wote hukosea mahali pamoja: wanakiacha chumba cha projekta hadi mwisho. Wakifika huko, mafundi wameshakisafisha, maana kila mtu anakiona stoo ya vyuma chakavu. Wewe anza huko.

Simama mbele ya ukuta unaotazama ukumbi, uhesabu matundu. Kila projekta ilikuwa na tundu la kupitishia mwanga na jingine la opereta kuchungulia. Ukikuta jozi mbili, palikuwa na projekta mbili, na haikuwa anasa. Rili (gurudumu la mkanda) ya futi 2,000 ya mkanda wa milimita 35, ikienda fremu, yaani picha moja moja, 24 kwa sekunde, huisha kwa dakika 22 hivi. Filamu moja ilikuja na rili kadhaa. Moja ikikaribia kwisha, ya pili ilitakiwa iwe imeshashika mwendo. Opereta alikodolea macho kona ya juu kulia ya skrini, ambako alama za viduara zilitokea. Kiduara cha kwanza kilimwambia awashe mota ya projekta ya pili. Kiduara cha pili, sekunde kama saba baadaye, kilimwambia abadilishe picha. Kila kiduara kilidumu fremu nne, yaani moja ya sita ya sekunde. Akigeuka kuweka kikombe chini, watu wanatazama skrini nyeupe na kuanza kupiga miluzi. Ukikuta tundu la ziada, huenda lilikuwa la kumulika jukwaa au kuonyesha picha za slaidi, kwa hiyo uliza kama ukumbi ulikuwa na waigizaji au wanamuziki.

Juu ya matundu tafuta vibamba vya chuma vinavyoteleza kwenye reli. Vilining'inizwa kwa waya au mnyororo wenye kiungo cha madini laini. Moto ukiwaka, kiungo kinayeyuka na vibamba vinaanguka vyenyewe kuziba matundu. Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Mkanda wa nitreti, aina ya zamani iliyowaka kwa urahisi, una oksijeni ndani yake, kwa hiyo ukishashika moto hauzimiki kwa maji wala kwa kufunikwa. Uingereza ilipitisha sheria ya kumbi za sinema mwaka 1909, na kanuni zake zikataka projekta itengwe na watazamaji kwa kuta zisizoshika moto. Hata hivyo, Desemba 31, 1929, katika mji wa Paisley, Scotland, mkanda ulifuka moshi tu. Watoto wapatao 70 wakafa kwa kukanyagana na kukosa hewa kwenye njia ya kutokea iliyofungwa. Ndiyo maana nakusihi ukague na milango ya kutokea: inafunguka upande gani, na kwenye miimo yake kuna alama za bawaba za zamani zilizohamishwa? Alama hizo zina uzito kuliko bango lolote. Kodak iliacha kutengeneza nitreti mwanzoni mwa miaka ya 1950, lakini usitumie vibamba peke yake kukadiria tarehe, maana kumbi nyingi ziliviacha palepale.

Kisha tazama dari. Bomba la moshi juu ya kila projekta laonyesha kulikuwa na taa ya kaboni: vijiti viwili vinavyokaribiana, umeme unaruka katikati na kutoa mwanga mkali sana. Vijiti viliungua na kufupika, chanya kwa kawaida haraka kuliko hasi, na nafasi kati yake ilipopanuka mwanga ulibadilika rangi kisha ukazimika. Lakini bomba halitoshi kuwa ushahidi, kwani taa za zenoni (balbu za gesi) zilizokuja baadaye nazo zilihitaji kutolewa joto. Piga magoti utazame nyuma ya makabati na kwenye nyufa za sakafu. Vipande vyeusi vya urefu wa kidole, vingine vimepakwa shaba, ni mabaki ya kaboni. Vihifadhi kwenye bahasha na uandike vilipokutwa.

Sakafuni pana matundu ya bolti. Yakiwa ya seti mbili zisizolingana, projekta zilibadilishwa au zilisogezwa. Mara nyingi chanzo ni sauti, iliyoenea kwenye kumbi kuanzia mwisho wa miaka ya 1920. Sauti, iliyochapwa pembeni mwa mkanda, husomwa chini ya lenzi, fremu 20 mbali na picha yake. Opereta akikosea kitanzi cha mkanda kati ya sehemu hizo mbili, midomo na maneno haviendi pamoja. Ukumbi wa filamu bubu ulikuwa pia na mwangwi, na hivyo kuta zikafunikwa vitambaa na mbao laini ambazo leo zinaficha plasta ya kwanza.

Skrini ichunguze kwa tochi. Ikiwa na vitundu vidogo vidogo, spika zilikaa nyuma yake. Vikizibwa na rangi, sauti inafifia, na kumbi nyingi ziliharibika hivyo kwa kupakwa rangi ovyo. Baada ya 1953 picha pana zilienea, na fremu za plasta zilizozunguka skrini zikakatwa au kufunikwa. Ukiona urembo wa ukutani umekatika ghafla nyuma ya pazia, umeipata alama ya badiliko hilo.

Sasa mambo ya hatari, na hapa usinibishie. Usitoboe wala kukwangua ubao wa kijivu wa chumba cha projekta kabla haujapimwa asbesto, madini ya nyuzi yanayodhuru mapafu. Usiguse balbu ya zenoni; gesi yake imeshindiliwa hata ikiwa baridi, na inaweza kulipuka usoni. Makopo ya mkanda yaache kivulini. Harufu ya siki ni asetati, mkanda uliochukua nafasi ya nitreti, inayooza. Mkanda unaonata, wenye rangi ya kahawia au uliogeuka unga, uchukulie kuwa nitreti: toka nje, ita zimamoto, kisha hifadhi ya nyaraka. Wala usikiamini moja kwa moja kile kiandiko cha SAFETY (maana yake mkanda salama, si nitreti) pembeni mwa mkanda, kwani chaweza kuwa kimenakiliwa kutoka mkanda mama.

Mwisho, ukuta ulio karibu na meza ya kurudishia mikanda. Opereta walizoea kuandika hapo kwa penseli: tarehe, urefu wa rili, siku taa ilipobadilishwa. Mwambie fundi rangi asiuguse. Mulika kwa tochi kutoka ubavuni ili michoro iliyofifia ijitokeze, laza rula kando yake, piga picha kipande kwa kipande kutoka kushoto kwenda kulia, kisha mpelekee opereta mzee yeyote aliye hai akusomee vifupisho.

Mjomba wako