Kwala haikulipishi mara mbili

Wiki hii swali limerudi tena: "Mzigo umeshafika Dar, mbona kwenye bili kuna Kwala? Mnatulipisha mara mbili?" Huyu aliuliza kiungwana. Aliyemtangulia alitutangaza sisi mawakala wa forodha kuwa matapeli kwenye grupu la wafanyabiashara.

Kwala ni bandari kavu iliyoko Pwani, kama kilomita 90 kutoka bandari ya Dar, na Rais Samia aliizindua rasmi Julai 31, 2025. Kontena likishushwa melini linapakiwa kwenye behewa la treni hadi Kwala, linaisubiri safari ya bara nje ya jiji badala ya kukaa kwenye foleni ya Barabara ya Mandela. Sasa, mzigo wa Bujumbura au Kigali utapita upande huo huo, upende usipende. Kipande cha Dar hadi Kwala kimeandikwa mstari wake, basi, na nauli ya kutoka hapo kwenda mbele inahesabiwa kuanzia Kwala. Soma jumla, ndugu mteja, usisome mstari mmoja.

Ujanja tunaouona kila mara ni wa lori la bei poa. Mteja mmoja wa vigae alikataa reli, akamtafuta dereva wake, mzigo ukatoka bandarini moja kwa moja. Mizani ya malori ya Vigwaza ikamkamata. Uzito wa jumla ulikuwa chini ya kikomo cha tani 56, lakini vigae vilirundikwa upande mmoja wa kontena, ekseli za nyuma zikazidi. Kupanga upya? Mzigo wa transiti, yaani unaopita kwenda nchi nyingine, una sili ya TRA, huigusi bila ofisa wa forodha kuwepo. Akamsubiri ofisa, akatafuta vibarua wa kuhamisha boksi moja moja juani, vigae vingine vikapasuka, faini ikalipwa, na siku za kontena la wakala wa meli zikaendelea kuhesabiwa. Na njia panda ya kwenda Kwala, yadi aliyoikataa, iko hapo hapo Vigwaza!

Ada yetu ya uwakala haishuki kwa sababu jirani kakuambia kuna mtu anafanya kwa nusu. Huyo wa nusu hafungui karatasi mpaka meli itie nanga. Sisi tunaomba rasimu ya BL, yaani hati ya shehena, kabla muuzaji hajaichapa, tunatazama mahali pa mwisho pa mzigo, tunalinganisha orodha ya bidhaa na uzito. BL ikisema "Dar es Salaam" tu wakati mzigo ni wa Burundi, itabidi manifesti, yaani orodha ya mizigo ya meli, irekebishwe, na hapo unalipia marekebisho huku storeji, ada ya mzigo kukaa bandarini, inakimbia. Demareji ya kuchelewa kurudisha kontena tupu nayo inaenda kwa wakala wa meli, si mfukoni mwetu; risiti zake tunakukabidhi zote.

Kwa hiyo ukishakubaliana bei na muuzaji, tutumie rasimu ya BL, ankara na orodha ya upakiaji, na umwambie apange vigae kuanzia katikati ya kontena.